Peupe Kwenye Ramani

Bibi yangu hakuwahi kuitaja siku ile kwa tarehe. Aliiita siku milima ilipochanika. Waliosoma waliiandika vizuri: 23 Februari 1970, Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo yote niliyo nayo kuhusu siku hiyo nilipewa jikoni, tukimenya njegere. Bibi alisema mvua ilipiga bati la kanisa hadi watu waliojisitiri ndani wakawa wanaongea kwa mikono. Ilipokatika akatoka, akatazama ng'ambo ya bonde, akaona michirizi myekundu kutoka juu hadi mtoni, mingi isiyohesabika. "Kama nguo mtu ameirarua kwa hasira," ndivyo alivyosema kila mara, na kila mara alipofika hapo mikono yake iliacha kumenya.

Wa kuhesabu walikuja baadaye. Paul Temple na Anders Rapp, katika mradi wa pamoja wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Uppsala cha Sweden uliochunguza mmomonyoko wa udongo, walikuta maporomoko zaidi ya 1,000, yote kazi ya mvua moja ya takriban milimita 100 iliyonyesha kwa muda usiofika saa tatu. Waliandika pia jambo lililonikaa kichwani kuliko yote: maporomoko yaliyoanzia msituni hayakufika hata asilimia 1. Yaliyobaki yalianzia kwenye mashamba, malisho na ardhi iliyokwisha kufyekwa. Andiko lao lilitoka mwaka 1972. Mimi nililisoma zaidi ya miaka ishirini baadaye, nikiwa mwanafunzi wa upimaji Dar es Salaam, katika chumba cha kusomea chenye feni moja. Kwa wenzangu lilikuwa andiko la kitaalamu tu. Mimi nilikuwa nasoma habari za mashamba ya watu ninaowasalimia kwa majina, na nilijua ni nani alifukiwa mbuzi na ni nani alihama asirudi.

Ndipo nilipoamua kazi ya maisha yangu, ingawa sikuwa na jina la kuipa. Leo naweza kuisema kwa maneno machache: nachora ramani za maporomoko ya ardhi kwa kutazama picha zilizopigwa kutoka juu.

Mwalimu wetu wa picha za anga alikuwa mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza alitugawia stereoskopu, kifaa kidogo chenye lenzi mbili na miguu ya chuma inayokunjika, na kila mtu picha mbili za mraba, nyeusi na nyeupe, zilizopigwa miaka ya 1950. Akatueleza mara moja tu. Ndege ya upimaji huruka kwa mstari ulionyooka huku ikipiga picha mfululizo, na kila picha huipandia ile iliyotangulia kwa takriban asilimia 60. Kwa hiyo kila kilima kimepigwa mara mbili, kutoka sehemu mbili za anga, kama vile jicho la kushoto na jicho la kulia yanavyokitazama kitu kimoja. Weka kidole cha mkono wa kushoto juu ya njia panda kwenye picha ya kushoto, na cha mkono wa kulia juu ya njia panda ileile kwenye picha ya kulia. Tazama ndani ya lenzi. Utaona vidole viwili. Sogeza picha taratibu mpaka vidole viwe kimoja, kisha ondoa mikono yako.

Nilisogeza kwa dakika nyingi. Macho yaliniuma, machozi yakanitoka, na nilichokiona kilikuwa karatasi tu yenye madoa. Halafu, bila taarifa, kilima kikainuka. Kilisimama juu ya meza, na mbavu zake, na mto umezama chini kabisa kati ya miguu ya chuma ya kifaa. Nilirudisha kichwa nyuma, kikalala. Nikainama tena, kikaamka. Kifaa kile hukuza kimo kuliko uhalisia, na huo ndio uzuri wake, kwa sababu kile ambacho mtu angekipita kwa miguu bila kukitambua, pale kinaonekana.

Nilichokiona kwenye kilima changu cha kwanza kilikuwa bakuli. Ubavu wa mlima ulikuwa umemegwa kwa umbo la mwezi mchanga, na chini ya mmeguko huo ardhi ilikuwa imetuna kama tumbo la mtu aliyelala chali. Ukiitazama picha moja peke yake, bila lenzi, hakuna bakuli wala tumbo. Kote kuna majani na migomba. Mwalimu akainama juu ya bega langu. "Hilo ni poromoko," akasema. "Kubwa. Na la zamani kuliko ndege iliyolipiga picha." Kisha akauliza, "Nyumba ziko wapi?" Nikahesabu mapaa. Yote yalikuwa juu ya lile tumbo.

Sikulala vizuri usiku ule, na tangu siku hiyo nimeliona jambo hilohilo mara nyingi mno. Si kwamba watu wa milimani hawana akili. Udongo uliokwisha kuporomoka ni mwingi na laini, jembe linazama. Maji yaliyokatiwa njia ndani ya mlima hutokea chini yake kama chemchemi. Na katika nchi ya miteremko mikali, tumbo la poromoko la kale ni moja ya sehemu chache tambarare za kuweka nyumba. Mgomba unastawi hapo, magimbi yanastawi hapo, na mzee aliyechagua kiwanja hicho alichagua kwa macho ya mkulima mzuri. Kasoro ni kwamba udongo ule haujashikana na mlima kama zamani, na mvua ikizidi hukumbuka njia yake.

Kwa upande mwingine, kovu jipya halina kujificha. Kwenye picha nyeusi na nyeupe udongo uliochubuliwa hung'aa mweupe, na kwenye picha ya rangi hutoka mwekundu au kahawia katikati ya kijani. Lakini hung'aa kwa muda mfupi. Katika nchi zetu zenye joto na mvua, misimu miwili au mitatu inatosha kwa nyasi kulifunika, halafu vichaka, halafu jembe. Anayetaka kuhesabu maporomoko ya mvua fulani lazima awahi. Akichelewa anabaki na mabakuli, na bakuli halisemi ni la mwaka gani.

Setilaiti ndiyo iliyotupa uwezo wa kuwahi. Mgeta ilichanika mwaka 1970. Landsat 1 ilirushwa Julai 1972, miaka miwili na ushei baadaye. Hata ingekuwapo isingesaidia. Nukta moja ya picha zake, yaani pikseli, ilifunika takriban mita 80 kwa 80, na maporomoko mengi ya Mgeta yalikuwa membamba, ya mita chache hadi ishirini hivi. Zaidi ya 1,000 yangepita bila kuonekana hata moja. Nawaambia vijana wa kazi hii wakumbuke hesabu hiyo kila wanapofungua picha mpya: kabla hujauliza picha inaonyesha nini, uliza ni kitu cha ukubwa gani kisichoweza kuonekana ndani yake.

Mambo yalibadilika mwaka 2008, picha zote za Landsat zilipofanywa kuwa za bure, na yakabadilika zaidi Umoja wa Ulaya uliporusha Sentinel-2 mbili, moja Juni 2015 na ya pili Machi 2017. Pikseli yake ni mita 10, na setilaiti mbili za aina hiyo kwa pamoja huturudia kila baada ya siku tano. Zaidi ya rangi tunazoziona, hupokea pia mwanga wa infraredi ambao jani bichi huurudisha kwa wingi na udongo mtupu huurudisha kidogo. Ukiupa mwanga huo rangi nyekundu kwenye kioo cha kompyuta, msitu wote unawaka mwekundu na poromoko linakaa katikati yake kama mfereji wa kijivu. Unaweka picha ya kabla ya mvua na ya baada ya mvua, programu inatoa moja kwenye nyingine, na kila mahali majani yalipotoweka panajitokeza.

Hapo ndipo wengi hudhani kazi imekwisha. Kompyuta haijui tofauti ya poromoko na shamba lililolimwa juzi. Itakuletea machimbo ya moramu, barabara mpya, mchanga wa mto uliohama, hata kijiji kilichobadilisha nyasi kikaezeka bati, yote kwa jina la poromoko. Lazima mtu akae chini, achunguze alama moja baada ya nyingine. Shamba lina kingo zilizonyooka na hulala kufuata ubavu wa mlima. Poromoko hushuka na mteremko, huanza jembamba, hurefuka, na likiweza hufika kwenye maji. Kwa hiyo chini ya picha naweka data za miinuko, zile zilizopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Marekani Februari 2000, nipate kujua kila alama imekaa kwenye mteremko wa namna gani. Ni kazi ya subira. Nimeifanya usiku mwingi na nimeipenda.

Lakini kosa kubwa la maisha yangu sikulifanya kwa kuona poromoko mahali ambapo halipo.

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya masika mazito, ofisi moja niliyokuwa nikiifanyia kazi iliombwa ramani ya maporomoko ya tarafa moja ya milimani. Tulipewa siku tatu. Picha iliyopatikana ilikuwa moja tu, na karibu robo yake ilikuwa wingu, limelala juu ya mabonde mawili ya kaskazini. Hilo ni la kawaida. Setilaiti hizi hupita kwetu karibu saa tano asubuhi, na msimu wa mvua, saa tano asubuhi, milima mingi imeshajifunika. Nilichora nilichokiona: maporomoko 63, kila moja kwa rangi nyekundu. Kwingine kote karatasi ilibaki nyeupe. Chini kabisa, kwenye kona, kwa herufi ndogo, niliandika kwamba picha ilikuwa na mawingu kwa kiasi fulani. Nikaona nimetimiza wajibu.

Ramani ikachapishwa kubwa kama meza, ikabandikwa ukutani kwa waliokuwa wakipanga misaada. Wakapanga kwa kufuata wekundu, penye nyekundu nyingi kwanza. Mabonde mawili meupe yakawekwa mwisho. Hakuna aliyesoma herufi zangu ndogo, na sina haki ya kuwalaumu. Ramani ya ukutani husomwa kwa rangi, na mimi niliyesomea kazi hiyo nilipaswa kulijua hilo.

Tulifika huko siku ya tisa. Gari lilikwama mbali, tukamalizia kwa miguu, na kabla hatujaingia kwenye makazi nilishaona. Njia ilikuwa imekatika mahali pawili. Chemchemi waliyokuwa wakitegemea ilikuwa imefukiwa, bomba limetokeza kwenye tope kama mfupa, na kina mama walikuwa wakiteka mtoni maji ya rangi ya chai ya maziwa. Siku tisa. Mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu mstaafu, alitupokea akiwa na fimbo na koti la mvua lililochanika begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmechelewa, lakini mmefika."

Akatuzungusha kwanza. Baadaye, tulipokaa kupumzika, akaona bomba la karatasi mkononi mwangu akaniomba nilifungue. Tukatandaza ramani juu ya jiwe, akaweka fimbo upande mmoja isipeperuke.

"Sisi tuko wapi hapa?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Hapa peupe?"

"Ndiyo, mzee."

"Peupe maana yake nini?"

"Maana yake hatukuona kitu, mzee."

Akarudia polepole, kama anayesahihisha daftari. "Hamkuona kitu, au hamkuona?"

Sikuwa na jibu. Nimesoma vitabu vingi vya fani hii kabla na baada ya siku ile, na hakuna kilichonifundisha zaidi ya swali hilo. Kuna mahali tulipotazama tukakuta pazima. Kuna mahali ambapo hatukutazama kabisa. Mimi nilikuwa nimezipaka hali hizo mbili rangi moja, tena rangi ambayo kila mtu huisoma kuwa ni salama. Wingu lilikuwa limekaa kaskazini kwa sababu kaskazini ndiko kulikokuwa na mvua nyingi zaidi. Yaani ramani yangu ilinyamaza hasa mahali palipokuwa na mengi ya kusemwa.

Kesho yake nilimwomba mzee anitembeze bonde lote. Tulihesabu maporomoko mapya 11, mawili kati yake makubwa kuliko lolote katika yale 63. Na alinionyesha zaidi ya hayo. Kila tulipopanda, alisimama na kutaja: hapa paliondoka mwaka wa njaa, pale baba yangu alinikataza kujenga, huku juu kuna ufa, ng'ombe alivunjika mguu humo kiangazi kilichopita. Mahali pamoja palikuwa na jina ambalo kwa lugha yao maana yake ni palipomeguka, na alisema babu yake alilikuta jina hilo. Nilichukua vipimo vya GPS vya kila alipogusa kwa fimbo. Niliporudi nikatafuta picha za anga za zamani za eneo lile, nikatoa stereoskopu kabatini, nikasogeza karatasi mpaka kilima kikainuka. Palipomeguka palikuwa na bakuli, safi kabisa, chini ya migomba.

Tangu hapo ramani zangu zina rangi tatu. Nyekundu ni poromoko nililoliona. Kijani kilichopauka ni mahali nilipopaona vizuri na sikukuta poromoko. Kijivu ni mahali ambapo sikuona, liwe wingu, kivuli au picha kukatika. Kivuli nacho nilikidharau zamani: saa tano asubuhi jua bado liko mashariki, na miteremko mikali inayotazama magharibi huweza kuwa gizani, poromoko zima linaweza kulala humo bila kujulikana. Alama nisiyo na hakika nayo naizungushia mstari wa nukta. Wapo wenzangu wasioupenda utaratibu huu. Wanasema aliyeagiza ramani hafurahii kijivu kingi, ramani inaonekana haijaisha. Mimi naona ionekane hivyohivyo, kwa kuwa kweli haijaisha, na anayeipokea ajue aagize picha nyingine au atume watu.

Rada husaidia kupunguza kijivu. Setilaiti ya Sentinel-1 hutuma mawimbi yake yenyewe na kusikiliza yanavyorudi, kwa hiyo usiku na wingu haviizuii. Lakini hutazama kwa ubavu, haitazami chini wima. Mteremko unaoielekea hukunjamana, kilele kikaangukia kwenye miguu yake, na mteremko ulioipa mgongo huweza kufichika kabisa. Milimani, rada huondoa kijivu cha wingu na kuleta kijivu chake. Ndege nyuki nazo ni nzuri sana kwa bonde moja au mawili, upepo ukiruhusu. Hakuna chombo kinachoona kila kitu, nami nimeacha kukitafuta.

Nimezitazama pia picha za majirani zetu, kwa sababu mlima haujui mpaka. Nametsi, wilaya ya Bududa kwenye Mlima Elgon, Uganda, 1 Machi 2010: mfereji mmoja mkubwa kwenye kijani, na chini yake palikuwa na maduka na kituo cha afya. West Pokot nchini Kenya, usiku wa kuamkia 23 Novemba 2019: Nyarkulian, Parua na Tamkal, watu wamelala. Kila ninapochora mstari kuzunguka kovu la namna hiyo mkono hupunguza mwendo. Ndani ya umbo lile dogo la kwenye kioo kulikuwa na watu waliokula chakula cha jioni.

Kisha ikaja Hanang. Asubuhi ya Jumapili, 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka mlima ule wa zaidi ya mita 3,400 hadi Katesh, Gendabi, Jorodom na maeneo jirani mkoani Manyara. Watu 89 walipoteza maisha. Kwa kuwa Hanang ni mlima wa volkano, uvumi ulienea kwamba umelipuka. Serikali ilieleza baada ya uchunguzi kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhoofu ilinyonya maji hadi ikameguka. Mvua za vuli mwaka ule zilikuwa za El Niño, nchi ilikuwa imeloa kwa wiki nyingi.

Nilikuwa mezani kwangu jioni ileile. Picha za kwanza nilizozifungua zilikuwa pamba tupu, ncha ya mlima haionekani. Kijana niliyekuwa nikifanya naye kazi alitaka tuanze na sehemu ndogo ya bonde iliyojitokeza. Nikamwambia tuanze na kijivu. Tukachora mipaka ya tusichokiona kabla ya kuchora chochote tulichokiona, na ramani ya kwanza tuliyoitoa ilikuwa ya kijivu karibu yote, na maneno makubwa katikati yake: HAPAJAONEKANA. Wingu lilipofunguka siku zilizofuata, makovu yalijitokeza juu kwenye msitu, membamba, yakishuka kuungana ndani ya makorongo, halafu korongo linafika bondeni na kumwaga.

Hanang ilinikumbusha jambo ambalo picha inaweza kulificha hata bila wingu. Jicho huvutwa na kovu la juu, kwa sababu ndilo linalong'aa. Lakini kule juu hakukuwa na nyumba. Waliokufa walikuwa chini, mbali na mahali mlima ulipomegukia, kando ya makorongo ambayo siku nyingine hupita maji kidogo tu. Kwa hiyo siku hizi sichori poromoko kama doa moja. Natenga mahali lilipoanzia, njia liliyopita na mahali lilipotua, kila sehemu kwa mstari wake, maana anayeishi kwenye njia anahitaji kujua mambo tofauti na anayelima kileleni.

Nilifika Katesh baadaye. Katika nyumba moja iliyosalia, mstari wa tope ulikuwa umekauka ukutani sawasawa na swichi ya taa, umenyooka kana kwamba ulipigwa kwa rula. Mama mwenye nyumba alinionyesha korongo lililopita nyuma ya uwanja wake. "Hili, kaka yangu, watoto walikuwa wanaliruka," alisema. Lilikuwa limechimbika kiasi cha kumeza lori, na ndani yake kulikuwa na mawe ambayo watu kumi wasingeyasogeza. Nilimwonyesha ramani kwenye simu. Akaitazama kwa muda, akaigusa, akasema nyumba ya dada yake anaiona, lakini lile jiwe kubwa lililosimama njia panda hatukuliweka. Nikaliweka hapohapo, mbele yake.

Naandika haya kwa sababu kazi hii sasa iko mikononi mwa wengi. Picha ni za bure, programu ni za bure, na kijana mwenye kompyuta ya kawaida akiwa Mbeya, Lushoto au Kapenguria anaweza kuchora katika usiku mmoja kile ambacho mwalimu wangu angekichora kwa mwezi. Ninafurahi sana kuliona hilo. Ninachowaomba ni kwamba wingu lipewe rangi yake kwenye ramani, na lisisukumwe kwenye herufi ndogo za kona. Na ninyi mnaopokea ramani hizi, wakuu wa wilaya, watendaji wa kata, wahandisi wa barabara, watu wa misaada, kabla ya kupanga magari wekeni kidole mahali peupe, mwulizeni aliyechora: hapa mlitazama?

Nawe msomaji unayeishi chini ya mlima, ikiwa wingu lilikuwa limewafunika siku mvua ilipopita, usingoje gari lije lenyewe. Peleka habari kwa mtendaji leo, na umwambie picha haijawaona.